Mgongo ulinyooshwa, faili likabaki ng'ambo ya mpaka

NAMANGA

Cherehani yake iko kwenye baraza la duka la vitenge, upande wa Tanzania, hatua chache kutoka foleni ya malori. Mteja mgeni anaweza kudhani ni mtu wa maringo. Kitambaa kikianguka hainami kukiokota kama mafundi wenzake. Anachuchumaa polepole, mgongo wima, anakichukua, kisha anainuka vilevile alivyoshuka.

Mgongo huo haupindi. Ndani yake mna fito mbili za chuma zilizokazwa kwa skrubu ambazo idadi yake hana uhakika nayo. Aliwekewa Nairobi akiwa na miaka 14, na sasa ana miaka 33, mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja. Aliniomba nisiandike jina lake, kwani wateja wengi hawajui na hataki waanze kumwonea huruma.

Nilikwenda Namanga kuandika habari za wafanyabiashara wadogo wa mpakani. Aliposikia kazi yangu ndiye aliyeanza kuniuliza mimi. "Kaka, wewe unafika Nairobi kila mara. Hivi hospitali hutunza mafaili miaka mingapi?"

Swali lake lina kisa. Miaka sita iliyopita, uchungu wa mtoto wake wa kwanza ulikwama, akapelekwa kupasuliwa katika hospitali moja ya wilaya. Mtaalamu wa usingizi alimkalisha kitandani na kumwambia ajikunje ili amchome ganzi ya mgongoni, kama wanavyofanyiwa wajawazito wengi wanaopasuliwa katika hospitali zetu. Hakuweza kujikunja. Sindano iliingia mara tatu na mara zote tatu ikagota. "Dada, una nini humu mgongoni?" Akaeleza. "Barua ya hospitali iko wapi?" Barua hakuwa nayo. Ikabidi apewe nusu kaputi, na kwa bahati njema mtoto alitoka salama, na mama pia.

Sasa ana mimba ya pili, miezi mitano. Anachotafuta si tiba. Anataka kujua vyuma vyake vinaanzia wapi na kuishia wapi, na ni vya aina gani.

Kibiongo si jina la kila mgongo uliopinda

Mtaani kila mgongo uliopinda huitwa kibiongo. Madaktari hutenganisha. Kibiongo hasa ni mgongo uliotokeza kwa nyuma, na katika nchi zetu sababu yake mojawapo ni kifua kikuu kilichoshambulia pingili. Mtoto mwenye nundu kali ya ghafla, homa za jioni na kukonda huanza na dawa za TB, si na skrubu.

Fundi wetu hakuwa na hilo. Alikuwa na skoliosisi, yaani mgongo unaokwenda ubavuni huku pingili zikijizungusha, hata bega moja likapanda na mbavu za upande mmoja zikatokeza kwa nyuma. Ile inayoanza umri wa kubalehe, kwa wengi chanzo chake hakijulikani. Haiji kwa sababu ya uzito wa mkoba wa shule, wala kukaa vibaya darasani, wala kulogwa, ingawa familia yake ilianzia kwa mganga na kupoteza karibu mwaka mzima huko.

Ukihesabu hata mpindo mdogo wa nyuzi 10, vijana wawili au watatu katika kila 100 wanao. Walio wengi hawahitaji zaidi ya kuangaliwa wanavyokua. Usain Bolt, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009, amesema mwenyewe kwamba mgongo wake una skoliosisi. Lakini mipindo mikubwa huwaandama wasichana kuliko wavulana, na hukua kwa kasi wakati uleule msichana anaporefuka kwa kasi, kabla hajavunja ungo. Ndiyo maana mzazi anaweza kumlaza mtoto yuko sawa Januari, na kufika Desemba sare ya shule inakaa upande.

Kipimo cha mwanzo hakina gharama. Mtoto anasimama miguu pamoja, anainama mbele mikono ikining'inia, na mtu mzima anamtazama kutoka nyuma. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko mwingine, apelekwe kupigwa picha ya eksirei.

Mpindo ukiwa wa kati, nyuzi 25 hadi 40 hivi, na mtoto bado anakua, huvalishwa gamba gumu la plastiki linalobana kiwiliwili. Kwa miaka mingi watu walibishana kama gamba lina faida yoyote. Mwaka 2013 utafiti wa hospitali 25 za Marekani na Kanada ulipunguza ubishi huo: waliovaa, asilimia 72 walifika mwisho wa kukua bila kufikia kiwango cha kupasuliwa, dhidi ya asilimia 48 ya walioangaliwa tu. Waliolivaa zaidi ya saa 13 kwa siku walifaulu zaidi. Saa 13 ndani ya plastiki, katika joto la Mombasa au Bujumbura, ni jambo la kumwomba mtoto kwa adabu. Hata hivyo ni nafuu kuliko kisu.

Fundi wetu alichelewa hatua hiyo. Alipofika Nairobi mpindo ulikuwa umepita nyuzi 60, na kuanzia 45 au 50 hivi ndipo madaktari huanza kuzungumzia upasuaji.

Upasuaji wenyewe hufanywa kwa kufungua mgongo kutoka nyuma. Skrubu hukazwa katika pingili, fito hupitishwa juu yake, na mgongo huvutwa taratibu kurudi katikati. Kisha vipande vidogo vya mfupa hupangwa juu ya pingili hizo ili, kwa miezi mingi, zishikane na kuwa mfupa mmoja. Chuma ni gango tu. Kinachobeba mzigo wa maisha ni mfupa ulioungana, na usipoungana, chuma huchoka na kukatika baada ya miaka.

Hofu ya kila mzazi ni kupooza. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu mishipa mikuu ya fahamu inapita palepale. Katika hospitali zenye vifaa, ambako mishipa hupimwa kwa umeme muda wote wa upasuaji, madhara ya namna hiyo hupata mgonjwa mmoja katika 100, au chini ya hapo.

Wasweden waliohesabu

Nilichotaka kujua mimi ni kilichompata mtu baada ya kidonda kupona. Watoto hawa hupasuliwa wakiwa na miaka 13 au 15. Watabeba vyuma hivyo miaka 50 na zaidi, watalima navyo na kuzaa navyo. Habari zetu magazetini huishia kwenye picha ya mtoto akitabasamu wodini kando ya waziri. Nani alirudi kumtazama akiwa na miaka 40?

Waliorudi ni wachache, na mfano bora uko Göteborg, Sweden. Madaktari Aina Danielsson na Alf Nachemson waliwatafuta wote waliotibiwa katika hospitali yao kati ya 1968 na 1977: 156 waliopasuliwa kwa vyuma vya Harrington, na 127 waliovalishwa gamba. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita. Waliwapata na kuwapima zaidi ya tisa katika kila kumi.

Migongo iliyopasuliwa ilikuwa imesogea kidogo sana, wastani wa nyuzi tatu na nusu kwa miaka yote hiyo. Ya waliovaa gamba ilisogea takriban nyuzi nane. Katika wale 156, ni wanane tu waliokuwa wamerudishwa mezani kwa ajili ya mpindo wao. Maisha yao kwa jumla, kazi na afya ya mwili na akili, hayakutofautiana sana na ya wenzao wa rika moja wasio na skoliosisi. Maumivu ya mgongo waliyalalamikia zaidi kuliko wenzao, mengi yakiwa ya kuvumilika, na wepesi wa kujipinda ulikuwa umepungua, kama unavyotarajia kwa mtu aliyeunganishwa pingili.

Kuhusu uzazi, ambalo ndilo swali la kwanza la mashangazi katika kila posa, walipata watoto. Idadi ya mimba haikuhusiana na kuongezeka kwa mpindo. Baadhi ya wanawake walieleza kuwa mgongo, au aibu ya umbo, iliwasumbua katika tendo la ndoa. Watafiti waliuliza hata hilo, na nadhani walifanya vyema, maana kwetu hakuna ambaye angeuliza.

Upande wa pili wa mizani ni wale ambao hawakutibiwa kabisa. Huko Iowa, Marekani, kundi la wagonjwa 117 waliogunduliwa kati ya 1932 na 1948 lilifuatwa kwa miaka 50, na matokeo yakachapishwa 2003. Wengi waliishi, walifanya kazi, walizeeka. Lakini asilimia 61 walikuwa na maumivu ya mgongo ya muda mrefu, dhidi ya asilimia 35 ya wenzao, na waliokuwa na mpindo mkubwa wa kifuani, zaidi ya nyuzi 80, walielekea zaidi kuishiwa pumzi. Kwa hiyo upasuaji hauwaokoi watoto wote na kifo, kama tunavyopenda kuandika. Kwa wengi unazuia mpindo usifike mahali unapobana mapafu, na unawapa umbo wanaloweza kuishi nalo.

Hilo la umbo si dogo. Mwaka 2018 Eugenie, mjukuu wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, aliyepasuliwa mgongo mwaka 2002 akiwa na miaka 12, aliolewa akiwa amevaa gauni lililokatwa wazi nyuma makusudi ili kovu lake lionekane. Tangu hapo amezaa watoto wawili. Fundi wetu hushona magauni ya namna hiyo kwa wengine. Yake yote yana kola.

Lazima niseme pia lisilopendeza. Chuma cha Harrington, kilichobuniwa Houston kwa ajili ya watoto waliopinda kwa polio na kuelezwa kitaalamu mwaka 1962, kiliunyoosha mgongo kwa kuuvuta kama mwavuli. Kiliuondolea baadhi ya wagonjwa hata lile bonde la asili la kiunoni, na walipofika utu uzima wakajikuta wanainamia mbele, hawawezi kusimama wima bila kukunja magoti. Wengine ilibidi wavunjwe na kuungwa upya. Skrubu zinazotumika leo zinalinda bonde hilo, lakini zilienea miaka ya 1990, na waliowekewa wakiwa watoto bado hawajawa wazee. Pia kadiri pingili za kiunoni zinavyounganishwa kwenda chini, ndivyo chache zilizobaki huru zinavyobeba mzigo wote. Fundi wetu huumwa kiuno kuanzia saa tisa alasiri. Inaweza kuwa ni hilo, inaweza kuwa ni cherehani. Hakuna aliyempima.

Mzigo una namba, mgonjwa hana

Wasweden hawakuwapata wagonjwa wao kwa bahati. Kila mkazi wa nchi ile ana namba yake ya utambulisho tangu mwaka 1947, na namba hiyo humfuata hospitali hadi hospitali. Ahame, aolewe, abadili jina, bado anapatikana.

Ukanda wetu nao unapasua. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, inanyoosha migongo ya watoto. Nairobi inafanya. Uganda imekuwa ikipokea timu za wataalamu wa mgongo kutoka Texas kwa miaka mingi, Kampala na Mbarara. Watoto wengi wa Ethiopia wamesafirishwa hadi Accra, Ghana, kwenye hospitali iliyofunguliwa 2012 na taasisi ya Dk Oheneba Boachie-Adjei, ambako hupokewa hata wenye mpindo unaopita nyuzi 100. Hao huvutwa kichwa kwa uzito, kidogo kidogo, wiki hata miezi, kabla ya kisu. Hata kule Göteborg hawakuwa na wagonjwa wa namna hiyo, mipindo yao ilikuwa takriban nyuzi 60. Kwa maneno mengine, matokeo mazuri tunayoyasoma ni ya watoto waliowahi, wakati wengi wa wetu huchelewa. Ni sisi wenyewe tu tunaoweza kujua wa kwetu wanaishia wapi.

Na hapo ndipo panapokwama. Mtoto wa Longido hupasuliwa Nairobi, wa Rusizi huenda Kampala, wa Bukavu huenda Kigali. Timu ya wageni hufika kwa wiki mbili, hufanya kazi usiku na mchana, hupanda ndege. Daktari mwenyeji hustaafu au kuhamia hospitali binafsi. Msichana huolewa wilaya nyingine, nchi nyingine.

Nikiwa nimeketi kwenye baraza lile niliyatazama malori. Tangu 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia mfumo mmoja wa kielektroniki kufuatilia mizigo ya kupita. Kontena hufungwa lakiri pale Mombasa, na ofisa anaweza kuona kwenye skrini lilipo hadi linapofika Kigali. Likisimama pasipostahili, kengele inalia. Pesa nazo zinavuka kwa simu. Fundi hupokea malipo ya wateja wa upande wa Kenya kabla hajamaliza kupiga pindo. Faili lake la hospitali, lenye kurasa zisizozidi ishirini, limeshindwa kuvuka kilomita 160 kwa miaka 19.

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na Mkataba wa Jumuiya una ibara nzima juu ya ushirikiano wa afya. Chuo cha madaktari wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kina makao yake Arusha, saa mbili tu kutoka hapa kwa gari, na kinafundisha na kutahini wapasuaji wa nchi zetu kwa mtihani mmoja. Watu wa kuianza daftari moja ya waliowekewa vyuma mgongoni wapo. Haihitaji mtambo wa bei mbaya: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu mmoja, pingili zilizounganishwa, aina ya chuma, picha ya kabla na ya baada. Kisha mtu wa kupiga simu kila baada ya miaka mitano.

Wakati daftari hiyo haijawepo, karatasi ibaki kwa mgonjwa mwenyewe. Mzazi asitoke hospitali na dawa za maumivu peke yake. Adai barua inayotaja pingili ya juu na ya chini zilizounganishwa, chuma ni cha titani au cha pua, jina la kampuni iliyokitengeneza na tarehe ya upasuaji. Aina ya chuma ina maana siku atakapohitaji kipimo cha MRI. Ncha ya chini ina maana siku ya kujifungua. Mtaalamu wa usingizi akijua pingili zipi ziko huru atajua pa kuchoma, au ataamua mapema kutumia nusu kaputi badala ya kubahatisha mama akiwa na uchungu. Barua ipigwe picha, ihifadhiwe kwenye simu ya mama, ya shangazi na ya mwalimu.

Mimi nilifika Nairobi wiki iliyofuata na barua yake ya ruhusa aliyoiandika kwa mkono. Kwenye hospitali husika nilipokewa kwa heshima, nikazungushwa madirisha manne, na kuambiwa mafaili ya miaka ile yalihamishiwa stoo na stoo ilihamishwa. Mzee mmoja wa kumbukumbu aliandika namba yangu kwenye kiganja chake. Hajapiga.

Kwa hiyo fundi alifunga cherehani siku mbili akapanda gari kwenda Arusha. Daktari wa mifupa alitaka picha ya eksirei, na kwa kuwa ni mjamzito walijadiliana kwanza, wakamfunika tumbo, wakapiga picha moja tu, ya ubavuni. Daktari aliiweka kwenye taa na kuhesabu kwa kalamu, huku fundi akihesabu naye kwa sauti. Vyuma vinaishia pingili ya tatu ya kiunoni. Mbili za chini ziko huru. Akaandika hivyo kwa wino mwekundu juu ya kadi yake ya kliniki, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kidaktari, akagonga mhuri.

Alinipigia jioni ile akiwa kituo cha mabasi. Skrubu ni kumi na nne. Miaka yote alikuwa akiwaambia watu ni sita.